Usizike Kabla Hawajaona

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alinikataza kuzika kuku wake. Walikuwa wamelala bandani miguu juu, wengine bado na joto, vilemba vya kichwani vimegeuka rangi ya biringanya. Mimi nilikuwa nimekuja na jembe, mifuko ya chokaa na ndoo ya javel, maji ya kuulia vijidudu. Yeye akasimama kwenye mlango wa banda, mikono kiunoni, akaniambia, "Hapa hatuziki kitu. Ata unyoya."

Angekuwa mtu mwingine ningemwambia ni amri ya Serikali. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kule Lubudi mama yetu alipokufa, akanitafunia mahindi nilipokuwa sina meno. Amri gani unampa mtu wa namna hiyo?

Mimi ninafanya kazi kwenye huduma ya mifugo ya Serikali, hapa Kolwezi. Kartié nzima, mtaa wote, inaniita munganga wa kuku, na wakiniita hivyo wanacheka kidogo, kwa sababu munganga wa watu ana gari, na mimi nina pikipiki iliyoegemezwa kwenye ukuta wa ofisi miezi na miezi bila mafuta. Imekuwa mahali pa kuanikia vitambaa. Ukitaka kujua nchi inawapenda wanyama wake kiasi gani, njoo uione hiyo pikipiki.

Na hasira yangu inaanzia hapo hapo, kwenye pikipiki, kwa hiyo acha niiseme kwanza. Kabla kuku hajafa hata mmoja mjini, mama mmoja anayeuza samaki wa Nzilo alikuja ofisini kwetu. Alikuja kwa miguu yake, hakuitwa na mtu. Akasema kwamba mabata ya pori yanakufa kwenye maji ya barrage, lile bwawa la kule, yanaelea, na watu wanayaokota wanayala, na mengine wanawaletea jamaa zao mjini. Nikaenda kwa mukubwa wangu wa kazi, nikamwambia haya si ya kungoja, huenda ni mafua ya ndege, tuende leo. Akaniambia, "Mama, unataka nikubebe mgongoni mpaka Nzilo? Subiri mafuta." Nikasubiri. Mama wa samaki alirudi mara ya pili kuuliza, na alipoona pikipiki bado ina vitambaa vyake, hakuuliza tena.

Ile ndiyo maana ya kuwa na huduma ya mifugo: mtu akuambie mapema, wewe ufike mapema. Hakuna siri nyingine. Mafua ya ndege hayatibiwi, hakuna sindano ya kumponya kuku aliyeshikwa. Unaweza tu kuyazuia: unapima, unafunga njia, unaua wale walio karibu na ugonjwa, unazika ndani ya chokaa, unalipa wenye kuku. Yote hayo yanataka mtu afike. Sisi hatukufika.

Halafu kukatokea lile lori. Lori la asidi lilianguka kwenye kona, juu ya kartié yetu, na mvua ikaipeleka asidi mpaka kwenye mfereji wetu. Kampuni ya mgodi yenye lori ikamtuma mtu wake wa kuzungumza na wananchi, shati limenyooshwa, megafoni mkononi. Akatangaza kwamba hakuna hatari. Sombe, majani yetu ya mihogo, zikakauka zikiwa zimesimama, hakuna hatari. Watoto wakachubuka miguu, hakuna hatari. Wiki ile ile, jirani wa yaya akaletewa mabata mawili kutoka Nzilo, na baada ya siku chache kuku wakaanza kufa, kwa jirani kwanza, halafu kwa yaya, halafu avenue nzima.

Sasa niambie, wewe ungesema nini? Watu walisema ni asidi. Hata mimi, kama ningekuwa sikusoma mambo ya kuku, ningesema asidi. Lakini kuku wa yaya niliwachanja mwenyewe, tone moja moja kwenye jicho, dhidi ya ule ugonjwa unaowamaliza kila kiangazi, kwa hiyo haukuwa ule. Na asidi haimfanyi kuku avimbe uso, atokwe na damu chini ya ngozi ya miguu. Asidi haipandi kutoka kwenye mfereji na kwenda kuua kuku wanaokunywa maji ya bomba upande mwingine wa barabara. Nilijua ninachokiangalia. Sikuwa na karatasi ya maabara ya kukisema.

Kuna desturi yetu huku ambayo mgeni hawezi kuielewa. Mgodi ukikuharibia kitu, hukitupi kile kitu, unakibeba mpaka kwenye barrière, kizuizi cha mlangoni kwa kampuni. Samaki wakifa mtoni, unabeba samaki. Mahindi yakiungua, unang'oa mahindi na mizizi yake, unayalaza pale mlangoni. Niliwahi kuona mbuzi aliyevimba akisukumwa kwenye toroli la baiskeli, na mwenye mbuzi amevaa suti. Maana ukienda mikono mitupu watakuuliza kiko wapi, na ukisema nimekizika, basi kesi yako umeizika nayo. Tumefundishwa hivyo, na waliotufundisha ni wao wenyewe.

Kwa hiyo watu walibeba kuku. Kutoka avenue zote, waliokufa kwenye mifuko ya mahindi, wagonjwa kwenye vikapu ili waonekane wakitetemeka. Na wenye kuku wazima nao wakaja na wazima wao, waseme na hawa wataanza kesho. Wote pale kwenye barrière, kikapu juu ya kikapu, manyoya yanaruka, watu wanakula bukari, ugali wetu, hapo hapo. Jioni walio hai wakarudishwa nyumbani, kila mmoja kwenye avenue yake. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikaona ugonjwa unasambazwa kwa vikapu, mbele ya macho yangu. Nikawaambia. Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Mama mmoja akaniuliza, "Kuku njo iko na mafua? Inapiga chafya? Inataka shuka?" Wakacheka wote. Mwingine hakucheka. Akasema, "Huyu ameshakula."

Nimekula nini mimi, pesa gani ya kampuni? Lakini nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko matusi. Mimi nilikuwa nasema si asidi, na mtu wa kampuni alikuwa anasema si asidi. Maneno yale yale. Wao wamesema uwongo miaka yote kwa maneno yale, mpaka siku ukweli ulipotaka kuyatumia, yakawa yamechakaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wapumbavu hawakuwa wale wenye vikapu.

Ndiyo maana nilipofika kwa yaya na jembe langu, nilikuwa nimekwisha kasirikia watu wote isipokuwa yeye. Nikamwambia nikimaliza kwake wengine wataona mfano, watazika. Akaniambia, "Mfano ya nini? Ya bujinga?"

"Yaya, ugonjwa huu unaweza kumpata mtu."

"Mi nimeshapatwa."

Akakaa kwenye kizingiti cha banda. Wale kuku walikuwa kila kitu chake. Alikuwa anapenda kusema ni bwana wake wa pili: hanywi, hapigi, na kila asubuhi anamwachia kitu kwenye majani. Bwana wake wa kwanza, shemeji yangu, alifia kwenye shimo upande wa Mutoshi, shimo la wachimbaji lisilo na karatasi. Yaya alikuwa Lubudi kwenye kilio cha shangazi yetu. Shimo likaanguka, wakamtoa, na wenye shimo wakamzika kabla jua halijawa kali, kabla yaya hajapanda treni. Waliogopa maneno. Aliporudi akaonyeshwa udongo. Akaenda kwa wenye shimo, wakamwambia hapa hakufa mtu. Akaenda kwenye ofisi ya komine, manispaa yetu, wakamuuliza nani aliona maiti. Akawaambia yeye hakuiona. "Basi, Mama," wakamwambia, "tutaandika nini?"

Nilikuwa ninaijua hadithi ile. Nilisimama naye kwenye ofisi ile. Lakini sikuwahi kuiunganisha na kuku mpaka pale, alipoinua uso akaniambia, "Bwana yangu balimuzika bila mi kumuona, bila mutu kumuona. Njo ikakuwa hakukufa. Weye leo unakuya na jembe. Kwangu, kitu haitazikwa tena kabla bakubwa hawajaona. Ata kama ni kuku."

Jibu la kitabu ninalo, la virusi na chokaa, lakini si kila mahali jibu la kitabu linaingia. Tukapatana. Yeye hatabeba chochote kwenye barrière, wala hatauza, wala hatampa mtu yai. Mimi nitawatia waliokufa ndani ya pipa la chuma, chokaa juu, kifuniko juu, kamba juu. Nitaleta jibu la maabara, na nitaleta wakubwa. Watafungua, wataona, halafu ndipo tutazika. Nilimwahidi hivyo nikiwa nimevaa glavu na barakoa, na aliniambia nivue barakoa niseme tena aone mdomo. Nikasogea mpaka kwenye geti, nikavua, nikasema tena.

Nikapitisha pamba kwenye makoo ya wagonjwa, nikazifunga, nikaziweka kwenye kisanduku cha barafu. Kabla sijatoka kwenye kartié, yule mtu wa kampuni akanisimamisha. Ni tata, baba mmoja mwenye adabu sana. Akaniambia amesikia nina kazi ya kupeleka Lubumbashi, na wao wana jeep, ina hewa ya baridi, inaweza kuondoka sasa hivi. "Utasema maneno mawili tu kwenye megafoni, Mama. Kwamba si asidi. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonikera. Nikamwambia, "Tata, siku lori lilipoanguka, hiyo jeep ilikuwa wapi kuwachukua wale watoto waliochubuka miguu?" Akatabasamu. Hawa watu wanafundishwa kutabasamu. Nikapanda basi kisanduku mapajani, na pale Likasi, njiani, nikaomba barafu mpya kwa mama wauza samaki, nao wakanipa bila kuuliza ni ya nini. Serikali ya Kongo siku ile ilikuwa mimi na mama wauza samaki.

Lubumbashi wakaniambia dawa ya kupimia imekwisha. Mama wa maabara aliona haya, hakuniangalia. Pamba zikapandishwa ndege kwenda Kinshasa. Nikarudi kungoja.

Sitaki kueleza kungoja kule. Ugonjwa haukungoja. Watu wenye akili ya biashara waliwauza wazima upesi upesi, na kuku wa Kolwezi wakapanda treni na malori, wakafika mpaka Lubudi, kwa shangazi zangu wengine. Kila jioni nilipita kwa yaya. Alikuwa ameweka kigoda karibu na pipa, anachambua maharagwe, analinda. Majirani walimcheka, wakapita wakimpa pole ya kilio kwa mzaha. "Pole, Mama, mazishi ni lini?" Naye akawajibu, "Bakubwa bakifika." Bandani alikuwa amebaki kuku mmoja, tetea mwekundu. Wote walikufa na yeye hakufa, anatembea mwenyewe ndani ya banda tupu. Wazee wanasema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Huyu alitaga. Kila siku yai moja, na kila siku yaya akalitumbukiza ndani ya javel kama nilivyomwagiza, akinilaani kwa jina la ukoo wetu wote.

Jibu likaja kwa simu ya mukubwa wangu: ni yenyewe, mafua ya ndege. Na hapo ndipo nilipoona maajabu. Mafuta yakapatikana. Jeep zikapatikana, si moja. Daktari akashuka kwenye ndege kutoka Kinshasa na watu wake wenye nguo nyeupe za plastiki, kofia, miwani, mashine za kupuliza dawa mgongoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa walikuwa na kamba za kila rangi, wakafunga riboni kwenye avenue yetu. Mimi niliyeomba lita chache za kwenda Nzilo nilisimama nikaangalia matanki yaliyojaa. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu.

Wakaniuliza tunaanza kwa nani. Nikasema kwa yaya yangu.

Vijana wa daktari wakachimba shimo nyuma ya nyumba, zuri, la kina. Mimi nikauliza wakubwa watakuja saa ngapi. Daktari akasema hakuna haja ya wakubwa, Mama, tunaua yule mmoja, tunamwaga pipa, tunafunika, tunakwenda kwa mwingine. Kwa kazi yetu alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningemwambia mwanafunzi wangu hivyo hivyo. Nikageuka nikamwona yaya amekaa kwenye kigoda chake. Ananiangalia mdomo.

Mifuko ya chokaa ilikuwa imepangwa kando ya shimo. Nikaenda nikakaa juu yake.

"Mama, inuka."

"Bila chokaa hamuziki," nikasema. "Na chokaa nimeikalia. Mwite mukubwa wangu, mwite mtu wa komine, mwite na yule wa kampuni. Waje waone halafu nitainuka."

Daktari alikasirika kwa Kifaransa, halafu kwa Kilingala. Mukubwa wangu alipigiwa simu, akapiga kelele ndani ya simu kwamba ninaharibu kazi. Nikamwambia, "Subiri mafuta." Sijui kama alikumbuka. Nilikaa. Jua likapanda, ndani ya nguo ya plastiki waliyonivisha jasho likanijaa kwenye viatu, na mimi nimekaa.

Wakaja. Mukubwa wangu, mtu wa komine na kitambaa puani, na mtu wa kampuni, tena yeye anafurahi, maana jibu la maabara limemsafisha. Niliwavisha barakoa mmoja mmoja na kuwatia viatu vyao vizuri ndani ya beseni la javel. Mtu wa kampuni akaanza kuwaambia majirani nje ya riboni, "Mumeona sasa? Haikukuwa asidi."

Nikasimama, ila nikabaki na mguu juu ya mfuko. Nikawaambia majirani kwa sauti ile yangu iliyobaki: kuku wamekufa kwa mafua ya ndege, nimepima, ni kweli, msile, msiuze. Na maji ya mfereji hakuna mtu aliyeyapima, nimeuliza Lubumbashi, nimeuliza Kinshasa, kila mmoja ameniambia si kazi yake. Hiyo nayo ni kweli. Mbebe kweli zote mbili. Mtu wa kampuni hakutabasamu.

Yaya akafungua kamba ya pipa mwenyewe, glavu zangu mikononi. Harufu ikatoka. Mtu wa komine akarudi nyuma, mtu wa kampuni akainama akaangalia viatu vyake. "Angalia mule ndani, Tata," nikamwambia. "Si kwenye viatu." Wakaangalia. Yaya hakuwahimiza. Akawaonyesha kwa mkono, akasema yule alikuwa anatagia chini ya kitanda, yule alikuwa mama ya wale wote, na "Yule jogoo nilikuwa nimemweka kwa kilio ya bwana yangu, siku batanionyesha fasi, pahali penyewe alikufia." Akamgeukia mtu wa komine. "Umeona, Tata?"

"Nimeona, Mama."

"Sema na nguvu."

"Nimeona."

Akaenda bandani, akarudi na yule tetea mwekundu, amemshika kifuani. Mzima kabisa, macho yanametameta. Daktari akamwonyesha kijana wake achukue, yaya akapita mbele yake akaniletea mimi. Nilimvunja shingo kwa mikono yangu, haraka, kama nilivyofundishwa, na alikuwa na yai tumboni, nililihisi chini ya vidole. Nikamlaza juu ya wenzake.

Yaya aliangalia shimo, akawaangalia wale wanaume mmoja baada ya mwingine mpaka kila mmoja akayaondoa macho. Halafu akaokota jembe nililoleta siku ile ya kwanza, lililokuwa bado limeegemea banda, akanipa.

"Sasa zika," akasema.